Startopia ya 2001: gesti ya angani ambayo mpaka leo sijaona mpinzani wake

Wadau wa magemu ya kujenga na kusimamia, leo naiongelea Startopia, gemu la PC lililotoka 2001, na najua kuna mtu kashaanza kusema huyu naye na vitu vyake vya zamani, sawa, ila nisikilize kwanza. Magemu ya kuendesha kituo cha anga siku hizi yapo kibao, kila nikifungua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, nakutana na jingine, yapo ya kupima oksijeni chumba kwa chumba, yapo ya kuunganisha mabomba na nyaya mpaka macho yanauma, na nimeyacheza mengi tu na mengine ni mazuri. Lakini bado narudi kwenye hili la mwaka 2001. Nitasema kwa nini, na mabaya yake nitayasema pia maana yapo, tena mengine yanakera kweli.

Kwa asiyelijua: vita kubwa ya galaksi imeisha, vituo vya anga vimeachwa magofu, na wewe ndo umepewa kazi ya kuvifufua kimoja kimoja. Kituo chenyewe kina umbo la pete, yaani duara kubwa linalozunguka, na ndani yake kuna sitaha tatu. Ya chini ni ya kazi na uhandisi, huko unaweka vyoo, vitanda, hospitali, maabara, kiwanda, polisi na kadhalika. Ya kati ni ya starehe, baa, disko, maduka. Ya juu kabisa ni ya mimea, iko chini ya kioo na ukiinua kamera unaziona nyota. Wageni wanashuka bandarini, wanakula, wanalala, wanaumwa, wanaibiana, wanasali, wanatongozana, na kila wanachotumia kinakuingizia nishati. Nishati ndo pesa ya humu, hakuna sarafu nyingine. Kununua ni nishati, kufungua eneo jipya ni nishati, kila kitu, na ikikata umekwisha.

Kwaiyo ukiondoa nyota na madude ya angani, hili ni gemu la kuendesha gesti. We ni mwenye gesti, wateja wanaingia usiku na mchana, kila mmoja na tabia yake, na kazi yako ni kuhakikisha choo kinafanya kazi, chakula kipo na wagomvi hawafanyii fujo waliolala. Ndo maana naona mtu yeyote aliyewahi kukaa mapokezi, au kukua kwenye nyumba yenye wapangaji, atalielewa ndani ya dakika kumi za kwanza bila maelekezo mengi.

Waliolitengeneza ni Mucky Foot, studio ndogo ya Guildford kule Uingereza, iliyoanzishwa 1997 na jamaa waliotoka Bullfrog, studio nyingine ya magemu ya huko huko. Kama ulicheza Theme Hospital au Dungeon Keeper, yote mawili ya 1997, basi mkono wao utautambua hapo hapo: vijitu vidogo vinavyotembea na mambo yao, utani kila kona, na mchezaji anayedhani anatawala kumbe anakimbizana na matatizo tu. Kabla ya hapo Mucky Foot walishatoa Urban Chaos mwaka 1999, gemu la mapigano mtaani, halihusiani kabisa na hili. Baada ya Startopia hawakudumu, 2003 wakafunga. Mchapishaji alikuwa Eidos, ambao baadae walikuja kununuliwa na Square Enix. Inauma kidogo ukifikiria, maana kulikuwa na msingi wa kutosha kabisa wa kutoa la pili na la tatu.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe.

Kitu cha kwanza ni ile pete. Unaeza ukadhani ni mapambo tu lakini hapana, pete ndo gemu. Magemu mengi ya kujenga yanakupa uwanja mpana, ukikosea unahamia kulia, ukibanwa unahamia kushoto, ardhi haiishi. Hapa ardhi inaisha. Kituo kimegawanywa vipande vipande kwa milango mikubwa ya chuma, unaanza na vichache, na kufungua mlango unaofuata lazima ulipie nishati. Sakafu yenyewe imepinda, ukisimama chini na kutazama mbele unaona inapanda juu mpaka inapotelea, na ukiendelea kufungua milango ukazunguka sana unakuja kutokea kwa nyuma ya jirani yako, maana mara nyingi hauko peke yako, kuna wasimamizi wengine wameshika upande wao wa pete na wao wanapanuka kuja kwako. Kwaiyo kila mita ya sakafu ina thamani. Maabara inakula nafasi ambayo ingekaa vitanda. Disko ukiliweka kubwa, duka halina pa kukaa. Nimeona watu wanajenga kituo kizuri kweli alafu wanagundua hospitali wameiweka mwisho kabisa wa korido, mgonjwa anatembea nusu ya pete akikohoa, akifika kashaambukiza waliosimama foleni ya choo.

Na hili la pete linaleta kitu ambacho magemu mapya yamekisahau: unaona kila kitu kwa macho. Huhitaji kufungua majedwali. Uchafu umezagaa sakafuni? Basi viroboti vya usafi havitoshi. Viroboti hivo vinaitwa scuzzer, ndo vinavyofagia, kujenga, kukarabati na kubeba makreti, na vikiwa vichache unaviona vinakimbia huku na huko havimalizi kitu. Foleni ndefu? Ongeza mashine. Watu wamenuna? Mbofye mmoja tu utajua ana shida gani. Kamera inatoka kwenye kituo kizima mpaka usoni kwa mtu mmoja, na kwa 2001 hiyo ilikuwa kazi kubwa, hata leo bado inapendeza japo maumbo ni ya pembe pembe.

Kitu cha pili, na kwangu hiki ndo chenyewe, ni wale wageni. Kuna jamii tisa za viumbe, na kila jamii ina kazi yake ambayo jamii nyingine haiwezi. Hilo tu, sheria moja, linabeba gemu zima. Salt Hogs ni wabeba mizigo na wafanyakazi wa kiwandani, wengi wao wakorofi wakorofi. Greys, wale wenye vichwa vikubwa na macho meusi ambao kila mtu anawajua kwenye hadithi za UFO, humu ni madaktari na manesi. Kasvagorian ni wapiganaji wenye sura za mijusi, hao ndo polisi wako. Turakken wana vichwa viwili na ni wanasayansi. Grekka Targ wanashika mawasiliano. Karmaraman ni wapole, wapenda miti, kazi yao ni kilimo kule juu. Zedem ni watawa wa hekalu. Dahanese Sirens ni warembo wenye mabawa, wa kike na wa kiume, wanafanya kazi kwenye nyumba ya mapenzi, na ndio, ipo, na gemu halioni aibu kabisa, wanaingia wateja wanatoka wametabasamu, hakuna kinachooneshwa. Alafu wa tisa ni Gem Slugs, makonokono makubwa tajiri yasiyofanya kazi yoyote. Hayaajiriki. Yanakuja kustarehe tu, na yakistarehe sana yanajisaidia vito vya thamani. Yaani biashara ya utalii wa hali ya juu yote imewekwa kwenye mzaha mmoja: mfurahishe bwana mkubwa, alafu uokote anachoacha.

Sasa wafanyakazi unawapata wapi? Hakuna kitufe cha ajiri daktari. Unaajiri kutoka kwa wageni waliokuja. Yule Grey aliyeshuka leo kutafuta chakula na kitanda, unambofya, unaangalia kiwango chake cha ujuzi, unampa kazi, basi keshakuwa daktari wako. Kama hakuna Grey aliyeshuka, huna daktari, hata uwe na hospitali tatu. Na wale Grey hawatakuja kwa wingi kama kituo chako hakina wanachokipenda. Unaona inavyozunguka? Ili upate madaktari lazima wageni wa aina ya madaktari wapapende kwako, na wakishaajiriwa bado wana njaa, bado wanahitaji kulala, bado wanataka kucheza disko, wanatumia huduma zako hizo hizo pamoja na wageni. Hapo ndipo gemu linakuwa la watu badala ya namba. Nakumbuka kuna Kasvagorian mmoja nilimpandisha cheo mara kadhaa maana alikuwa hodari, nikawa kila nikiingia namtafuta kwanza yuko wapi kabla ya kuangalia nishati imebaki kiasi gani, na sijawahi kufanya hivo kwenye gemu lolote la siku hizi lenye watu mia tano wasio na sura.

Tena majina wanayo. Kila mmoja ana jina lake.

Kitu cha tatu ni sauti. Kompyuta ya kituo inaitwa VAL, ndo msaidizi wako, anakusemesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti yake ni ya William Franklyn, mwigizaji wa Kiingereza ambaye Waingereza wa umri fulani wanamjua kwa matangazo ya TV ya Schweppes. Anaongea taratibu, kwa adabu zote, kila neno limepigwa pasi, na ndani ya adabu hiyo hiyo anakutukana. Hapandishi sauti. Unajenga kitu kijinga, yeye anasema jambo kama la kupongeza, unakuja kushtuka baadae kwamba umesemwa. Mi naona hapa ndo walipatia kuliko sehemu yoyote, maana gemu la kusimamia lina muda mwingi wa kusubiri, na ukiwa na mtu wa kukuchangamsha masikioni kusubiri hakuchoshi.

Alafu kuna Arona Daal. Huyu ni mchuuzi, anakuja na chombo chake anakuita ununue, na bei zake bana ni za mtu anayejua huna pa kwenda. Unahitaji kreti la mashine ya hospitali, wagonjwa wanaanguka, Arona analo, na anataka nishati ambayo ukimpa huwezi kufungua mlango unaofuata. Usipompa watu wanakufa. VAL na yeye hawapendani, kila mmoja anamsema mwenzake kwako. Wafanyabiashara wengine nao wanapita, bei zinapanda na kushuka, unaeza kununua kreti kwa bei ya chini ukaliweka, ukaja kuuza bei ikichangamka. Kuna wachezaji wamegeuza kituo kuwa ghala la ulanguzi na wanaishi hivo, disko hawana, vitanda vichache, lakini nishati imejaa.

Njia ya kumkwepa Arona ni maabara na kiwanda. Unapeleka kifaa maabara, Turakken wanakichambua, ukishajua siri yake Salt Hogs wanakitengeneza kiwandani kwako. Inachukua muda, inakula nafasi, inataka wafanyakazi wazuri, lakini siku ile unamwambia Arona sihitaji kitu chako, aisee. Hiyo ndo raha ya uchumi wa humu, ni mdogo, unaingia wote kichwani, na kila uamuzi unaujua ulikotoka.

Sitaha ya mimea inastahili aya yake. Kule juu huna majengo ya maana, una udongo. Unaushika kwa mausi unauinua kuwa kilima au unauchimba kuwa bonde, unaongeza maji pakawa ziwa, unapandisha joto pakawa jangwa, unashusha pakawa theluji, na mimea inaota yenyewe kufuatana na hali uliyoiweka. Kila aina ya mmea inatoa mzigo wake, chakula, madawa, na vingine vya biashara, Karmaraman wanavuna. Na wageni nao wanapanda kule kupumzika, kila jamii ina mazingira inayoyapenda, kwaiyo ukigeuza sehemu yote kuwa shamba la dawa kuna watu watakosa raha. Nikiwa nimechoka na matatizo ya chini huwa naenda juu kuchezea vilima tu, sifanyi kitu chochote cha maana, na gemu linaniacha. Sijui magemu mangapi ya kujenga yana sehemu ya kupumzika ndani yake namna hii.

Sasa mabaya.

La kwanza ni vita. Wale majirani niliosema, kuna wakati mnavunjiana milango mnapigana. Kwa wazo ni safi, kwa vitendo ni vurugu. Wapiganaji wako wanaenda wenyewe, kuwaongoza ni kazi, wote wanasongamana kwenye korido moja hujui nani anampiga nani, na anayeshinda mara nyingi ni mwenye wengi. Hakuna mbinu. Uliyejenga kituo kwa upendo unakuta nusu saa nzima inaenda kwenye fujo ambayo haikuulizi akili yoyote. Kucheza na wenzako mpaka wanne kulikuwepo pia, lakini kwa leo kupata watu watatu wa kulifungua kwa wakati mmoja, labda uwe na ndugu wavumilivu.

La pili ni kampeni, yaani ule mfululizo wa kazi unazopewa kuzimaliza moja baada ya nyingine. Ina misheni kumi, na nyingi zake unafanyia kazi jamii fulani yenye haja yake, huyu anataka hospitali, yule anataka biashara, inakufundisha vizuri kweli. Lakini inafundisha polepole mno. Vitu vizuri vinafichwa mpaka mbele huko, na misheni za mwanzo mtu mwenye uzoefu atasinzia. Alafu kila misheni unaanza kituo kipya, yule Kasvagorian wangu niliyemlea hakunifuata popote. Walioliandika wangeacha angalau wafanyakazi wachache ukahama nao, ingebadilisha kila kitu.

La tatu, mausi mkononi hayapumziki. Makreti yanashuka, unayazoa, unayaweka ghalani, unayatoa, unayafungua, kuna kipindi unajiona kuli wa bandari na sio msimamizi. Scuzzer wangeachiwa hiyo kazi zaidi ya walivyoachiwa. Ukishakuwa na kituo kikubwa inachosha, na hapo ndipo watu wengi wanaliacha.

Na VAL, nampenda, lakini maneno yana mwisho. Ukicheza sana utayasikia yale yale.

Kuna pia kidudu kinaitwa Memau, kidogo, kizuri, unaeza kusema kipaka. Sikuambii zaidi. Usikionee huruma tu.

Watu wanauliza, si kuna jipya? Lipo. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani Realmforge ilitoa Spacebase Startopia, mchapishaji Kalypso, na ni kama kulirudia lile la zamani: pete ipo, sitaha tatu zipo, nishati ipo, wageni wapo, VAL yupo. Picha zinang'aa, skrini pana, kila kitu kisasa. Nimelicheza na sio baya. Ila kuna kitu kimetoka. VAL wa jipya anakutukana waziwazi, tena mara kwa mara, na tusi la wazi linachosha haraka kuliko la adabu. Bustani ya juu umeletewa aina za mazingira za kuchagua kwenye orodha, ule udongo wa kufinyanga kwa mkono wako haupo kwa namna ile. Na vita bado vipo, bado ni vile vile! Walikuwa na miaka ishirini ya kusoma malalamiko ya watu.

Space Colony la 2003, la studio ya Firefly, wale waliotengeneza gemu la ngome la Stronghold, nalo watu hulitaja hapa, lenyewe ni koloni juu ya sayari na sio kituo, lakini lina wazo zuri sana la kuwa na wakazi wachache wenye tabia kali ambao wengine hawaivi chungu kimoja. Kama kilichokuvutia Startopia ni watu, hilo litakufaa. Spacebase DF-9 la studio ya Double Fine lilianza kuuzwa 2013 likiwa bado linajengwa, ahadi zilikuwa nyingi, 2014 wakatangaza limekamilika wakati nusu ya ahadi haionekani, na waliotoa pesa zao walilalamika sana, kwa haki kabisa. Pale kwa kweli utajenga vyumba ukae unavitazama. Na ukitaka ule mkono wa zamani ukiwa hai, angalia Two Point Hospital ya 2018, Gary Carr aliyekuwa Bullfrog alafu Mucky Foot ni mmoja wa waanzilishi wa studio iliyolitoa, sio la angani ila utani ni wa ukoo huo huo.

Mi nadhani tatizo la mengi ya haya mapya ni kwamba yanaamini ugumu ndo utamu. Yanakupa oksijeni, shinikizo la hewa, joto la chumba, nyaya, halafu mtu anayeishi humo ndani ni namba tu inayopungua. Startopia hesabu zake mtoto wa darasa la sita anazimudu. Kinachokusumbua sio hesabu, ni kwamba una nafasi ndogo, wageni wa aina tisa, wanataka vitu tofauti kwa wakati mmoja, na wote unawaona usoni. Kituo cha anga kinafaa sana kwa hili kuliko mji au shamba, kwa sababu hakuna nje. Mgeni akichafukwa hana pa kwenda na we huna pa kumpeleka, mtamalizana hapo hapo ndani. Mtu akikuambia gemu la kituo cha anga ni kuhusu teknolojia mwambie hajacheza hili.

Mambo ya ununuzi. Linauzwa GOG, duka jingine la magemu la mtandaoni, na Steam, bei yake ya kawaida iko chini ya dola 10, na kwenye punguzo linashuka mpaka unaona aibu, kwaiyo kama una kadi ya mtandaoni ya simu yako subiri punguzo la sikukuu kama huna haraka. Faili ni dogo kwa viwango vya leo, ni gemu la enzi za CD, bando halitalia. Na hapa ndo raha kwa sisi wa laptop za ofisini: halihitaji kadi ya picha wala nini, laptop ya mtumba ya pale Kariakoo inalibeba bila feni kupiga kelele. Lilitengenezwa kwa skrini za mraba za enzi hizo, kwaiyo kwenye skrini pana picha inaeza kuja imevutika, wapo mashabiki waliotoa viraka vya kurekebisha, ukitafuta utavipata. Kiingereza chake ni cha Waingereza hasa, utani mwingi uko kwenye namna ya kusema, kama sikio lako halijazoea utacheza vizuri tu lakini nusu ya kicheko itakupita.

Nani asinunue? Anayetaka vita, aende zake. Anayetaka kupanga mabomba na kuhesabu hewa, yapo magemu yake mazuri tu, sio hili. Anayechukia kubofya bofya, nimeshasema habari ya makreti. Wengine wote chukueni. Chezeni kampeni mpaka mfike misheni za katikati ili mjue kila jamii inafanya nini, wengine mtaimaliza na wengine mtachoka, na mkichoka msilifute, hamieni ile hali ya kucheza huru ambako unachagua mwenyewe masharti na idadi ya wapinzani. Mi huwa naweka sifuri, pete yote iwe yangu, na Arona aje na bei zake.